Birika la kahawa limerudi jikoni, lakini Tala bado inakunywa chai

BIRIKA la kahawa limerudi. Kijana wa Nairobi anayeishi kwa bedsitter anaweka birika la chuma juu ya meko, anapunguza moto, anasubiri maji yaanze kugonga kifuniko, kisha anapiga picha mvuke ukipanda. Maneno anayoandika chini ya picha huwa ni yaleyale: hii ndiyo kahawa ya ukweli, kama ya zamani. Kahawa ya sacheti ameiweka kando. Ile ya mkahawani ya shilingi mia tatu na kitu, anaisubirisha hadi mwisho wa mwezi.

Ni jambo zuri. Lakini hebu peleka picha hiyo Tala. Panda matatu, fuata Kangundo Road, na ukifika tafuta mtu aliyezeeka akichuma kahawa huko Matungulu. Muulize kama anazikumbuka zamani hizo. Usishangae akikurudishia swali: zamani za nani?

Kwake, asubuhi ilianza na chai ya maziwa iliyochemshwa kwa sufuria. Kahawa ilikuwa shambani, ilikuwa faktori, ilikuwa kwenye risiti ya sosaiti. Kwenye kikombe haikuwepo. Muulize susu wako, kama bado uko naye: kahawa ya shamba lake mwenyewe aliionja lini?

Hapo ndipo stori ya birika inapokuwa kubwa kuliko birika lenyewe. Tunatamani zamani ambazo wengi wa waliolima kahawa hii hawakuwahi kuzionja. Tukielewa kwa nini hawakuzionja, tutajua pia cha kufanya na birika tulilonunua.

Birika lilitoka wapi

Yako mabirika mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni pakoleta. Ndani lina bomba jembamba linalosimama wima, na juu ya bomba kuna kikapu cha bati chenye matundu kinachobeba kahawa iliyosagwa. Maji yakichemka hupanda kwa bomba, humwagikia kahawa, huchuja kurudi chini, kisha hupanda tena. Mzunguko huo unaendelea hadi uzime moto. Mmarekani Hanson Goodrich alipewa hataza ya birika la namna hii mwaka 1889, na kwa miongo mingi lilikuwa kitu cha kawaida katika jikoni za Marekani.

La pili ni lile dogo la pembe nane kutoka Italia, linaloitwa moka, lililoanza kutengenezwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Hili halizungushi maji. Presha ya mvuke husukuma maji mara moja tu kupitia kahawa, yakatua chemba ya juu yakiwa mazito na meusi. Ukiona kijana wa Nairobi akijivunia "pakoleta" yake, mara nyingi ni moka.

Pakoleta ilipoteza umaarufu Marekani baada ya mashine ya umeme ya Mr. Coffee kuingia sokoni mwaka 1972. Uvivu wa watu ulichangia, lakini kulikuwa na sababu nyingine. Kahawa inayochemshwa na kuzungushwa tena na tena hutoa uchungu mwingi. Harufu tamu iliyojaza nyumba ilikuwa inatoka kwenye birika ikienda hewani, badala ya kubaki kwenye kikombe. Kwa hivyo hata huko ughaibuni, zamani tunazoambiwa zilikuwa tamu zilikuwa na kasoro zake.

Kwetu, mabirika ya aina hii yalikuwa ya nyumba za walowezi, misheni na hoteli. Zamani halisi za kahawa ya jikoni kwa Mswahili ziko Pwani: dele la shaba juu ya makaa, tangawizi ndani yake, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na kipande cha kashata pembeni. Mombasa na Lamu hawajarejea kwa kahawa ya namna hiyo kwa sababu hawakuiacha. Barani, mambo yalikwenda tofauti.

Zao la kuuza, si la kunywa

Wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Walowezi walipoichukua na kuigeuza biashara, Mwafrika alibaki kibarua. Serikali ya kikoloni ilimzuia kulima zao hilo mwenyewe. Sababu zilizotolewa zilikuwa ubora na magonjwa. Sababu iliyoonekana kwa macho ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma yako kwa mshahara mdogo. Miaka ya 1930 mlango ulifunguliwa kidogo, kwa majaribio, katika maeneo kama Meru, Embu na Kisii. Ukambani ilisubiri hadi miaka ya 1950, wakati wa mpango wa kilimo wa Swynnerton uliotangazwa mwaka 1954.

Kwa hivyo kahawa ilipofika kwenye vilima vya Kangundo na Matungulu, ilifika ikiwa na masharti yake tayari. Ukiichuma ikiwa nyekundu, unaipeleka faktori siku hiyohiyo. Hapo inamenywa ganda, inalowekwa, inaoshwa na kuanikwa mezani. Kisha inaenda kinuni kukobolewa, inapangwa kwa madaraja, inauzwa kwa mnada Nairobi na kupakiwa melini. AA na AB zilisafiri. Zile za madaraja ya chini, pamoja na mbuni iliyokaukia na ganda lake, ndizo zilizokuwa na nafasi ya kubaki nyumbani. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambapo mkulima aliambiwa: kaanga kidogo, onja.

Mtu anaweza kulima zao miaka 40 bila kujua kama lake ni tamu kuliko la jirani. Anajua uzito wa debe. Anajua bei ya dawa ya kunyunyizia chulebuni. Ladha anaijua mnunuzi wa Hamburg.

Chai nayo ilikuwa na bahati. Ilifika dukani kijijini katika pakiti ndogo ya bei nafuu, haikuhitaji kukaangwa wala kusagwa, na iliingia vizuri kwenye maziwa. Kahawa ilipokuja kuonekana rafuni ilikuwa tayari imekuwa unga wa kukoroga kwenye kopo. Duniani kote, unga huo kwa kiasi kikubwa hutengenezwa kwa robusta, na miti ya Machakos ni arabika. Yaani mwana wa mkulima wa kahawa alikulia akiamini kahawa ni kitu cha kopo, kichungu, cha wageni waheshimiwa.

Pesa zilikuwepo, na zikaenda

Tuwe wakweli pia: wazee wanaposema enzi za kahawa zilikuwa nzuri, hawadanganyi. Wanachokumbuka ni pesa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa Brazil. Bei ya dunia ikapaa, na kufikia 1976 na 1977 mkulima mdogo wa Kenya alikuwa akishika hela ambazo baba yake hakuwahi kuziota. Ndio wakati ambapo soko la Chepkube, Bungoma, lilipata jina kwa magendo ya kahawa kutoka Uganda. Katika maeneo ya kahawa, nyumba za nyasi ziligeuka mabati na karo ililipwa. Si ajabu watu walikuja kuiita kahawa dhahabu nyeusi.

Kilele cha taifa kilikuja msimu wa 1987/88, Kenya ilipozalisha karibu tani 130,000. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Julai 1989 mgao wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei, kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulivunjika. Bei zikaporomoka. Nyumbani, sosaiti zikazama kwenye madeni, ugomvi wa uongozi na malipo yaliyochelewa hadi mtu akasahau alichuma lini. Leo Kenya inazalisha tani 50,000 hivi kwa mwaka, chini ya nusu ya enzi zile. Jirani yetu Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 katika msimu wa 2023/24. Sisi, tani zetu zote zikipakiwa kwa magunia hayo, hazifiki milioni moja.

Halafu kuna upande ambao haupigwi picha. Sheria ya zamani ya kahawa ilimkataza mkulima kung'oa miti yake bila ruhusa, hata ikimtia hasara. Kuchuma kulikuwa kazi ya akina mama na watoto, lakini uanachama wa sosaiti ulifuata jina kwenye shamba, ambalo kwa kawaida lilikuwa la mwanamume. Malipo yakitoka, mama anaweza kusikia habari zake kutoka sokoni. Ukitaka kurudisha zamani, rudisha ukijua na hiyo imo kwenye kapu.

Waliochoka hawakugoma kwa mabango. Waliiacha miti ikose mbolea, wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, na kizazi kilichofuata kikaanza kuuza ploti. Pita Kangundo Road uone vibao. Ploti inalipa mara moja, na inalipa leo. Mti wa kahawa unataka miaka mitatu hivi kabla ya kukupa mavuno ya maana, na bado bei itaamuliwa na mtu asiyekujua.

Hesabu ya kikombe kimoja

Sasa bei imepanda tena. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, rekodi ambayo haikuwa imeonekana. Serikali nayo ilikuwa imeleta mfumo wa kulipa wakulima moja kwa moja mwaka 2023, ili pesa zisipotelee njiani. Wanasiasa wanaongea kahawa tena mazishini na harambeeni. Swali la kijana wa mjini ni: hii inanihusu vipi?

Tufanye hesabu pamoja. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inahitaji kilo 7 hivi za matunda mekundu. Tuseme sosaiti imemlipa mkulima shilingi 100 kwa kilo ya matunda. Bei hubadilika kila msimu na kila sosaiti, lakini 100 inarahisisha hesabu. Hiyo ni shilingi 700. Kikombe kimoja kinakula gramu 10, kwa hivyo kilo moja ni vikombe 100. Mkulima amepata shilingi 7 kwa kikombe. Mkahawani umelipa 300.

Usikimbilie kusema ni wizi. Kwenye hizo 300 kuna kodi ya nyumba, stima, maziwa, mashine na mshahara wa kijana mwenzako anayekuhudumia. Pia kahawa ya Tala ikikaangwa Ulaya, faida ya kukaanga inabaki Ulaya, na hiyo si siri. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kati ya 7 na 300 kuna nafasi pana sana, na birika lako linakaa katikati ya nafasi hiyo. Ukinunua kahawa iliyosagwa, tuseme paketi ya gramu 250 kwa shilingi 500, unapata vikombe 25. Kila kimoja ni shilingi 20. Umeokoa doo. Na kama hiyo paketi ilikaangwa Machakos au hata Nairobi, pesa nyingi zaidi zimebaki karibu na shamba.

Hesabu ya pili ni hii. Mtu anayekunywa kikombe kimoja kila siku hutumia kahawa ya kukaanga kilo 3.65 kwa mwaka. Hizo ni kilo 25 na zaidi za matunda. Mti wa mkulima mdogo usiotunzwa vizuri unatoa kilo 2 hivi za matunda kwa mwaka. Yaani wewe peke yako, na birika lako, unaipa kazi miti 13. Keja moja yenye watu watatu wanaokunywa kahawa ni karibu miti 40. Hiyo ni mistari kadhaa ya shamba la mtu huko Matungulu.

Kenya inauza nje zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yake. Ethiopia, ambako kahawa hukaangwa mbele ya mgeni na kupikwa kwa jebena, hunywa karibu nusu ya mavuno yake. Nenda Eastleigh uketi kwenye hoteli ya Kihabeshi utaelewa kwa nini. Brazil, mzalishaji mkuu duniani, ni ya pili kwa unywaji baada ya Marekani. Bei ya nje ikianguka, nchi hizo zina mahali pa kuegemea. Sisi tukisukumwa tunaanguka nayo, kama 1989.

Kinachokwamisha

Kuna mtu atasema: basi wakulima wakaange wenyewe wauze pale soko la Tala. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kahawa ni zao linalosimamiwa sana. Kuisafirisha kunataka kibali, kuikoboa na kuikaanga kwa biashara kunataka leseni, na paketi haiwezi kuingia dukani bila alama ya ubora ya KEBS. Mashine ya kukaangia si bei ya debe. Sheria nyingi kati ya hizo ziliwekwa kuzuia wizi wa kahawa viwandani na magendo, na wizi huo upo kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba kikundi cha vijana wa Tala wanaotaka kuuza kahawa ya nyanya zao kwa paketi ndogo wanapambana na makaratasi ya kampuni kubwa.

Hapo ndipo siasa za kahawa zingefaa kuelekezwa. Ahadi ya kufufua mashamba inasikika kila uchaguzi. Swali ambalo halisikiki ni: kaunti itasaidiaje sosaiti ndogo kuwa na mashine moja ya kukaangia na kusagia ya pamoja, na leseni inayolingana na ukubwa wake? Kijana asiyetaka kuchuma kwa debe anaweza kutaka kukaanga, kufunga na kuuza. Kazi hiyo ikiwepo Tala, ploti itapata mshindani.

Kuna jambo lingine linaloipa Tala nafasi. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza ladha baada ya wiki chache, na ikisagwa huenda haraka zaidi. Kopo lililovuka bahari haliwezi kushindana na paketi iliyokaangwa juzi kilomita 60 kutoka kwako. Mnywaji wa Milan hana bahati hiyo. Wewe wa Umoja na Kayole unayo, ila hujaitumia.

Kabla hujawasha meko

Kama umeshanunua birika, litumie vizuri. Kwa pakoleta, kahawa isagwe kwa chembe kubwa, na likianza kububujika punguza moto, dakika 5 au 6 zinatosha. Kwa moka, jaza maji hadi chini ya kifundo cha usalama, usishindilie kahawa, na uliondoe motoni mara tu linapoanza kukoroma. Arabika yetu ina uchachu mtamu unaokaribia matunda, na kuichemsha kupita kiasi ni kuua kile ambacho wanunuzi wa ng'ambo wanakilipia.

Na kama huna birika, usijisikie umeachwa nyuma. Sufuria ileile ya chai inafanya kazi. Chemsha maji, zima moto, subiri kidogo, tia vijiko viwili vilivyojaa kwa kila kikombe kikubwa, koroga mara moja, funika dakika 4. Unga utashuka chini. Chuja kwa kichujio cha chai. Tangawizi ukipenda, kama Pwani. Maziwa ukipenda, kama mtu wa Ukambani. Hakuna askari wa kahawa atakayebisha hodi.

Kitu kimoja tu usikiache. Unaponunua, muulize mwenye duka maswali mawili: hii imetoka wapi, na ilikaangwa lini? Leo wengi hawatakuwa na jibu, na paketi nyingi hazisemi. Wakiulizwa na watu 10 watashangaa. Wakiulizwa na watu 1,000 wataanza kutafuta jibu, na jibu hilo litawarudisha kwa sosaiti za Kangundo na Matungulu.

Na ukienda ocha Desemba hii, beba birika na paketi moja. Mpikie susu. Usimwambie ni kahawa ya zamani, kwa sababu anajua si kweli. Mwambie hii ni ile aliyokuwa akiibeba kwa debe, kisha umwache aamue mwenyewe kama miaka yote hiyo ilikuwa tamu.